Plagi Iliyoingia Bila Kugoma

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane, ndani ya chumba cha kioo cha kiwanda cha magodoro. Kabla ya asubuhi hiyo Risasi alikuwa fundi. Baada yake akawa mzee tu mwenye begi.

Jina la Risasi alipewa na watu wa mtaani, wala halikuhusu bunduki, maana hata panya wa kibandani kwake alikuwa akiwaonea huruma. Lilitokana na ile risasi ya kuyeyusha anayoungia nyaya. Alikuwa na kibanda chenye meza moja, na chini ya meza rundo la bodi za kompyuta zilizokufa, amezipanga kama sahani. Shule aliiacha akiwa bado anahesabu kwa vidole, na vidole hivyohivyo ndivyo vilivyomlisha yeye, mkewe na binti yao wa pekee. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alifia kwenye benchi la hospitali, akisubiri mashine ambayo wakubwa walisema iko njiani. Tangu hapo Risasi hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote anayekalia kiti kinachozunguka.

Binti yake alikuwa amepata kazi ya maana pale kiwandani. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kompyuta inayokiamuru kisu kikubwa cha kukatia sponji. Tofali la sponji, kubwa kama chumba cha kulala, lilisukumwa juu ya magurudumu. Binti anaandika vipimo, kisu kinashuka, magodoro yanatoka yamenyooka kama mkate wa dukani. Vumbi la sponji liliingia kila mahali: masikioni, ndani ya chai, na zaidi ya yote ndani ya kompyuta. Jumatano hiyo kompyuta ikakataa kuamka.

Meneja alitaka kuwaita mawakala wa kampuni iliyoiuza. Binti akamwahi. "Bosi, baba yangu ni fundi. Kabla ya mapumziko ya chai itakuwa imewaka."

Risasi akaja amevaa shati lililopigwa pasi, lile la mazishi na mahafali. Wakataji walikuwa wamesimama nje ya kioo, hawana kazi, wanatazama. Nyapara wao, bwana mmoja mwenye tumbo na maneno mengi, akapenyeza kichwa mlangoni.

"Mzee, usije ukatulipua. Mimi bado sijaoa mke wa pili."

"Wa kwanza mwenyewe anakula kwa mama yake," Risasi akamjibu bila kugeuka, na huko nje watu wakaangua kicheko. Binti naye akacheka, akaziba mdomo. Alikuwa anajivunia baba yake, na baba mtu aliliona hilo. Na hapo hasa ndipo kichwa kilipoanza kumvimba.

Akafungua kasha. Ndani mlikuwa na manyoya ya vumbi kama tumbo la paka. Akanusa, akajua: pawa saplai imekufa, lile boksi la kuleta umeme. Kwenye begi alikuwa nayo nyingine, ya kawaida, ya aina inayowekwa kwenye kompyuta yoyote ya mtaani. Akaitoa ile ya zamani, akachukua plagi ya mpya, akaisukuma kwenye bodi kubwa ya ndani, ambayo mafundi huiita mazabodi. Plagi ikaingia bila kugoma. Meno yaleyale, kilimi kilekile cha kufungia. Klik.

Kwao mtaani hiyo ilitosha. Kitu kikiingia kimekubali, hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibandani. Mita ya kupimia umeme alikuwa nayo, iko begini, imeviringishwa kwenye kitambaa. Lakini kupima aliona ni mambo ya wanaojifunza, na watu wote wale wako kwenye kioo.

Binti akainama. "Baba, na hiki kitundu kidogo hapa pembeni? Ile ya zamani ilikuwa na waya wake. Hii mpya haina."

"Hicho ni urembo tu. Hawa wakubwa hupenda kuongeza vitundu ili bei ipande."

"Kweli, Baba?"

"Wewe washa, mwanangu."

Binti akabonyeza.

Kilisikika kitu kidogo, pa! kama mtu amekanyaga ganda la konokono. Halafu moshi ukapanda, mwembamba, wenye harufu ya nywele zilizoungua. Meneja akaja mbio, tai imepindia begani.

"Nani amewasha?"

Hakuuliza nani amefunga wala nani amesema washa. Na Risasi, fundi wa miaka yote ile, akanyoosha kidole.

"Huyu. Mimi nilikuwa bado sijamaliza."

Binti akamtazama baba yake, mara moja tu. Kisha akashusha macho kwenye kibao cha herufi, akaanza kukipangusa vumbi kwa kiganja, taratibu, kama vile ndiyo kazi aliyotumwa.

Meneja hakupiga kelele. Aliwaambia wakataji warudi nyumbani, siku yao imekwisha, na wale watu wakapita mbele ya binti mmoja mmoja. Kisha akamwambia binti aondoke kwenye kile kiti mpaka atakapoamua.

"Nipe hiyo mazabodi na kasha lake," Risasi akasema. "Nitakuletea nyingine kama hiyo. Nikileta, mrudishe mtoto kwenye kiti chake."

"Ukileta kabla ya wiki kuisha, tutaongea," Meneja akasema.

Jioni binti alipika kama kawaida. Akamnawisha baba yake mikono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mdogo. "Karibu chakula, Baba." Angemtupia sahani, Risasi angekula. Lakini kwa adabu ile, alimega tonge moja, akalirudisha sahanini.

Kulipopambazuka akaivamia mazabodi kwa brashi na spiriti. Kwanza akajaribu njia ya mkato: akachukua bodi ya kawaida kutoka chini ya meza, akaipima kwenye kasha la kiwandani alilokuja nalo. Matundu ya skrubu hayakulingana. Soketi za nyuma zilitazama ukuta wa bati. Hata mahali pa kuunganisha kile kisu cha sponji hapakuwepo. Kasha lilikuwa limekatwa kwa ajili ya bodi ile moja tu duniani.

Hapo ndipo akaitoa mita kwenye kitambaa, akaipima pawa saplai ya zamani, ambayo ilikuwa bado na pumzi ya kubabaisha. Akaona alichopaswa kukiona Jumatano. Plagi ni ileile kwa umbo, lakini nyaya ndani yake zilikuwa zimehamishwa viti. Penye umeme mdogo palikuwa na mkubwa, na sehemu ya umeme ilihamia kwenye kile kitundu cha pembeni alichokiita urembo. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akaamua hivyo: umbo libaki la kawaida, matumbo yabadilike.

Risasi alishikwa na hasira, na ile hasira ilikuwa tamu, maana ilimpumzisha kidogo na lile jambo lingine. Akaendelea kusugua. Kibandiko chenye jina la kampuni kubwa, lilelile linalong'aa usoni pa kasha, kikaanza kubanduka. Chini yake palikuwa na jina jingine, limechapwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Jina la kiwanda. Risasi alilijua. Akainama chini ya meza, akavuta bodi moja, ya pili, ya tatu, zile rahisi zinazowekwa kwenye kompyuta zisizo na jina. Kiwanda kilekile.

"Wezi wakubwa!" akasema peke yake. "Mama mmoja, watoto mmewavalisha sare mbili!"

Akaifunga bodi kwenye gazeti, akaenda kwa mawakala. Duka lilikuwa na ubaridi wa mashine na sakafu inayoteleza. Nyuma ya meza alikaa dada mmoja aliyevaa sare ya buluu, akampokea kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Bodi hii mmeitengeneza ninyi?"

"Sisi tunauza tu, mzee."

"Sawa. Kampuni yenu ndiyo imeitengeneza?"

"Kampuni inachora na kuweka jina. Kuitengeneza wanapewa watu wengine. Hicho kiwanda hapo kinatengenezea kampuni nyingi, hata zile zinazoshindana."

"Basi nielekeze hicho kiwanda, nikanunue kwao."

"Hawatakuuzia. Bodi imetoka kwenye mchoro wa kampuni, kwa hiyo ni mali ya kampuni."

"Na kampuni?"

"Hii wameshaiacha siku nyingi. Hata sisi stoo hatuna."

Risasi akacheka kicheko kibaya. "Kwa hiyo aliyeitengeneza si mwenyewe, mwenyewe hakuitengeneza, na wewe unayeiuza huna."

"Ndivyo ilivyo, mzee wangu." Dada akaigeuza bodi, akaitazama palipoungua. Hakuwa na dharau hata kidogo. "Nani aliiwekea pawa saplai ya kawaida? Hizi zinadanganya sana. Sisi wenyewe hapa hatuchomeki kitu bila kupima kwanza."

Risasi akaipokea bodi, akaanza kuifunga tena kwenye gazeti. Gazeti likachanika. Akaifunga hivyohivyo.

Kutoka pale hadi kiwandani alitembea kwa miguu akiipanga hotuba. Alikuwa nayo yote: kampuni inayoweka jina kwenye kitu isichokitengeneza, kiwanda kisichotaka kuulizwa, na mameneja wanaonunua mashine za namna hiyo kwa sababu ya nembo usoni, kisha zikifa wanatafuta mnyonge wa kumbebesha. Hakuna neno hata moja la uongo humo. Alipofika akaimwaga mbele ya Meneja, akiwa amesimama, akimwonyesha kibandiko na jina la chini yake. Meneja akazungusha kiti, akasikiliza hadi mwisho.

"Umesema kweli tupu, mzee. Mawakala wanakuja kufunga mashine nyingine, na hilo la plagi nitawauliza."

"Na binti yangu?"

"Binti yako amemaliza mambo yake. Alikuja mwenyewe asubuhi. Amesema ulimkataza kuwasha, akawasha kwa haraka zake. Sikumfukuza. Nimempeleka nyuma, kwenye mabaki."

Maneno yote ya hotuba yakamkimbia Risasi, likabaki lile moja alilokuwa akilikwepa tangu Jumatano.

"Hapana. Mimi ndiye niliyemwambia washa. Aliniuliza kuhusu kile kitundu, nikamwambia ni urembo. Nilikuwa na mita begini. Sikupima." Akaivuta mita kutoka begini, akaiweka mezani pamoja na kitambaa chake, kana kwamba mita ingemtolea ushahidi.

Meneja akaitazama mita. Halafu akatabasamu, tabasamu la huruma, na hilo ndilo lililommaliza Risasi.

"Mzee, hata mimi nina watoto. Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo."

"Nakuambia ukweli!"

"Najua. Nenda kapumzike, baba. Una moyo mzuri."

Kama Meneja angemtukana, Risasi angejua pa kushika. Angerudi mtaani akasimulie jinsi wenye viti walivyo. Sasa amepewa sifa ya baba mwema, amevishwa kama koti la mtu mwingine, na hapakuwa na namna ya kulivua. Akaokota mita yake, akatoka.

Nyuma ya kiwanda, chini ya paa la bati, kulikuwa na kilima cha makombo ya sponji. Wanawake wawili watatu waliyashindilia kwenye magunia ya kutengenezea mito. Binti alikuwa mwisho wa mstari, amejifunga kitambaa usoni, nyusi zimejaa vumbi la njano. Nyapara alikuwa anapita.

"Dada Moshi, shindilia vizuri, usije ukawasha na hilo gunia!" Kisha akamwona Risasi, akazima kicheko, akaamkia, akajitia ana haraka.

Risasi akachuchumaa karibu na binti yake. Alianza na yale aliyoyajua. Akamweleza habari za kibandiko, jina la chini yake, nyaya zilizohamishwa viti. Binti alisikiliza huku akishindilia, akiitikia "ehe, Baba," kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Nimemwambia Meneja ukweli," mwishowe akasema. "Hakuamini."

"Najua. Nilimweleza vizuri."

"Kwa nini ulifanya hivyo, mwanangu?"

"Ningesema nini? Kwamba baba yangu ni mwongo?" Akavuta kamba ya gunia, akaikaza kwa meno. "Mtaa mzima unaleta vitu kibandani kwako. Kile kiti ningeweza kukipata kwingine."

Risasi alijaribu kuwaita moyoni wale wote aliokuwa na desturi ya kuwalaumu, Meneja, kampuni, kiwanda, huyo mtu asiyejulikana aliyechora plagi. Hakuna aliyetaka kuja. Binti akashusha kitambaa usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akamtazama machoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anataka kujua tu, kama siku ile alipouliza habari za kitundu.

"Lakini Baba, moshi ulikuwa hata haujafika darini. Ilikuwaje mimi ndiye nikakujia mdomoni upesi vile?"