Jiko Ndani ya Chumba

Njiti za kiberiti zilicheza ndani ya boksi, chaka, chaka, upande wa pili wa ukuta. Kulikuwa bado giza. Nilijua ni mama. Nikajiambia naamka sasa hivi, usingizi ukanichukua tena.

Mume wangu Yohane ndiye aliyeona mwanga mwekundu chini ya mlango, alipokuwa anatoka kwenda kazini. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba, dirisha limefungwa, na mama alikuwa amesokomeza kitenge kwenye upenyo wake. Baridi ya Mbalizi mwezi wa saba si ya mchezo. Watu wengi huku wanaingiza jiko ndani, wanaota, kisha wanalitoa kabla ya kulala. Mama siku hizi anasahau kulitoa. Walikuwa wamelala wawili, yeye na mwanangu Roza, wajina wake.

Nilimnyakua Roza. Yohane alibaki mlangoni. Kwao kama kwetu, mwanamume hamgusi mama mkwe. Tangu baba afariki na mama aje kuishi nasi, Yohane alimsalimia kwa mbali, macho chini, na chai yake aliinywea uani.

"Baba Roza, mbebe," nilimwambia.

Akambeba.

Uani Roza alitapika, akalalamika kichwa kinamuuma. Mama alifumbua macho, akajiona mikononi mwa mkwewe, akajifunika uso kwa khanga. Jina langu linampotea hata kutwa nzima, lakini mwiko wa mkwe hakuusahau.

"Mtoto alikuwa anasikia baridi," alisema ndani ya khanga. Baadaye akasema, "Nirudishe kwetu Iringa."

Sikulia. Niliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Kwenye masomo ya jioni ya watu wazima mwalimu wa kemia alitufundisha hewa ya mkaa isiyo na harufu, inayoua. Niliandika jibu, nikapata vema. Nyumbani nilikuwa nimeficha viberiti vyote. Mama alikwenda kuomba kwa jirani, na jirani atamnyimaje bibi kiberiti? Roza nilishamnunulia blanketi nene sokoni. Lakini mama akiamka halikumbuki blanketi. Anakumbuka baridi tu.

Nikampigia kaka yangu Vitus, aliyeko Idodi, kumweleza habari za kituo cha wazee kule Iringa.

"Kwa masista?" alisema. "Paskalina, mama ana watoto. Watu watasema alizaa mawe."

"Basi njoo umchukue, kaka."

"Mimi nikiingia kazini hifadhini, natoka mwezi umekwisha. Nimwachie nani, kuku?"

"Angalau kuku wanaamka mapema."

Alicheka kidogo, nami nikacheka.

"Usiku kuna mtu anakaa macho?" aliuliza.

"Yupo. Zamu kwa zamu. Na wengi wao Wahehe."

"Haya," alisema. "Mkifika Iringa mtanikuta stendi."

Nilipokata simu sikusikia huzuni wala nafuu. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Mama nilimwambia tukichambua mchicha. Sikutaka apelekwe kama mzigo.

"Mama, si nyumbani kwenyewe. Ni kwa masista, wanaowatunza wazee. Nitakuja kukuona, na Roza atakuja."

Alitoa majani mawili yaliyooza, akayatupa.

"Mkwe yuko huko?"

"Hayuko."

"Basi," alisema.

Siku ya kuondoka Yohane alifunga mzigo wa mama vizuri kwa kamba, akauweka mlangoni, akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka tulipotoka.

Kituo chenyewe kiko nje kidogo ya mji wa Iringa. Sista Matilda alitupokea mlangoni. Alikunja magoti kidogo, akasema, "Kamwene, bibi."

Mbalizi hakuna aliyemsalimia hivyo. Mama alinyoosha mgongo, akajibu kwa Kihehe, akaendelea na habari za mahindi na za mvua ya miaka ile, na sista akawa anaitikia kila mahali panapostahili. Vitus alikuwa ameshika mzigo, anatazama ukuta. Ndani yangu kitu kikasogea, kidogo sana. Nikathubutu kufikiri kwamba hapa huenda akalala.

Kitanda chake kilikuwa karibu na ukuta wa jikoni, na ukuta ulikuwa na uvuguvugu. Mama aliugusa kwa kiganja. Kisha akaanza kupapasa chini ya mto, taratibu, kama mtu anayejua anachokitafuta.

"Unatafuta nini, bibi?" sista aliuliza.

Mama aliinua mto, akaendelea kupapasa.

Roza aliuachia mkono wangu, akaenda kumvuta sista kanzu.

"Sista, bibi akitafuta kiberiti usiku, mwambie mimi nina blanketi."