Hikma Akataa Kuutoa Umoja

Kitendawili! Ukikichukua, hakinitoki, ukikirudisha, hakirudi. Usikimbilie kujibu. Bi Zaitun wa mtaa wa Umoja mwenyewe alishindwa, na vitendawili kwake ndiko vinakolala.

Jumamosi moja alikuwa akimtegea mjukuu wake Hikma, wa miaka minane. Kila mtoto akishindwa, bibi anadai mji, kama ilivyo ada. Hikma akatoa Mombasa, akatoa Lamu, akatoa hata Majengo. Bibi akataka Umoja.

Mtoto akaangua kilio. "Sasa tutalala wapi?"

Bi Zaitun, mbavu hana, akamrekodi kwa simu, akaitupa video kwenye kikundi cha ukoo. Kumbe humo mlikuwa na wenye vidole vyepesi. Wiki haikuisha, mtaa mzima unayo.

Ndipo Nthenya, binti wa kituo kimoja cha televisheni, akaja na karatasi. Kituo kiliitaka video hiyo kwa kipindi cha vichekesho. Bi Zaitun alimpokea kwa leso mpya na wanja machoni.

"Mamake yuko kazini Doha, mlezi ni mimi. Niweke sahihi wapi?"

"Ngoja, shosho. Sheria inataka ruhusa yako, na mtoto naye asikizwe. Hikma, tuionyeshe?"

Hikma akatazama vidole vya miguu.

"Ana haya tu huyo. Lete kalamu!"

"Siwezi, shosho. Hajajibu."

"Ala! Mjukuu wangu, simu yangu!"

"Na uso ni wa nani?"

Bi Zaitun akamgeukia mtoto. "Kwani shuleni wasemaje?"

"Wananiita Tutalala Wapi. Siku hizi sichezi, nakaa darasani."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ulikuwa bado unacheka, bibi."

Leso mpya ikambana ghafla. Akachukua simu, akabonyeza. "Haya, nimeifuta. Imekwisha."

"Na ya Mjomba Farid? Na za darasa zima?" Hikma akapangusa pua. "Kitendawili, bibi."

"Tega."

"Ukikichukua, hakinitoki, ukikirudisha, hakirudi."

Bi Zaitun akawaza, akakuna kichwa, akasalimu amri. "Nakupa mji. Chukua Umoja, mama, wote, na maduka yake."

"Picha yangu," akasema Hikma. Kisha akamtazama Nthenya, aliyekuwa bado ameshika kalamu. "Hapana, dada, msinionyeshe. Mwonyesheni bibi, kashajipaka wanja."