Rekodi ya Koplo Wabwile

Siku ya Mashujaa mwaka jana, uwanjani Kitale, Koplo mstaafu Wabwile aliambiwa avue medali yake mbele za watu, naye akaivua. Mwenyekiti wa chama cha wanajeshi wastaafu, mzee Kizito, alishika orodha iliyotoka makao makuu. Mbele ya jina la Wabwile, pale panapoandikwa medali, palikuwa peupe.

"Hapa hauna kitu, bana," Kizito akasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye viti vya wageni. "Hizi vitu siku hizi hata sokoni zinauzwa. Toa, usituharibie gwaride."

Mke wa Wabwile, Phelista, alikuwa ameketi safu ya tatu. Mama huyu alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitano, na hata mtoto mtundu kupita wote, yeye hakuwahi kumwita mwongo mbele ya wenzake kabla ya kumsikiliza. Aliinuka ili akamtolee Kizito uvivu, lakini mumewe alimtupia jicho moja tu, naye akajua kwamba anaombwa akae. Akakaa, na mpaka leo hajajisamehe.

Walirudi nyumbani kwao Kiminini. Tangu siku hiyo Wabwile akawa mtu wa shambani na kitandani. Kanisani alihamia benchi la nyuma kabisa. Maneno nayo yakapata miguu: ati Sierra Leone, alikopatia ile medali, hakufika, ati alikuwa akichemsha chai ya maofisa kambini, ati hata hicho cheo cha koplo kichunguzwe. Phelista aliyameza yote hayo. Ila jioni moja, wakipukuchua mahindi, mzee alisema jambo lililomkata maini.

"Mama Tonny, siku nikifa, msiseme nilikuwa askari. Hakuna bendera, hakuna tarumbeta. Nizike tu kama mkulima."

"Kwani hukuwa askari?"

"Karatasi inasema vile inasema."

Phelista alitupa gunzi kando. Miaka ishirini na mmoja ya jeshi, yeye akilea watoto wanne peke yake, leo ifutwe na nafasi tupu kwenye orodha! Alikata shauri usiku uleule. Asubuhi alichukua kalamu na kuandikia ofisi ya rekodi za wanajeshi, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Jibu lilichukua miezi minne. Lilikuwa fupi na baridi: tarehe mbili Agosti mwaka 2002, siku ya kuachishwa kazi, Koplo Wabwile alitia sahihi mwenyewe kwamba kumbukumbu zake zote ni sahihi na hana la kuongeza. Kwa hiyo ofisi haioni cha kurekebisha.

"Ulitia sahihi?" Phelista akamuuliza, akimwonyesha barua.

Wabwile alijikuna kidevu. "Zilikuwa karatasi sita. Karani aliniambia nisome kila moja. Basi la mwisho la kuja huku lilikuwa linatoka saa nane, na Tonny alikuwa anatahiriwa kesho yake alfajiri. Nilitia sahihi zote sita kwa dakika moja, nikakimbia."

Phelista hakuweza kumlaumu. Ulikuwa mwaka wa tohara, na kwao Bungoma mwaka huo ukipita, mtoto hungoja miwili mingine. Mtoto anasimama uani amepakwa matope, kijiji kizima kikimwangalia kama atapepesa macho, na baba yake asionekane? Angemwambia nini mtoto huyo maisha yake yote? Alikumbuka Wabwile alivyofika saa tano za usiku, viatu vya jeshi vimejaa vumbi, na Tonny alivyomwona akatulia. Mtu yeyote wa Bungoma angeelewa sahihi hiyo. Lakini ofisi ile haikuwa Bungoma.

Aliisoma barua mara ya pili, polepole, kama anayesahihisha mtihani. Mwishoni kabisa palikuwa na mistari miwili aliyokuwa ameiruka kwa hasira: rekodi inaweza kuangaliwa upya kukiwa na hati ya wakati ule, pamoja na shahidi aliyekuwepo. Maofisa wangekuja Bungoma Alhamisi ya mwisho wa mwezi kusikiliza wastaafu.

"Ile mara uliporudi na lori, ulimtoa nani pale kwenye mapigano?" akauliza.

"Watu."

"Wana majina?"

"Wengi wameshakufa. Kuna mmoja, Kiptanui, alikuwa anasema kwao ni pale mjini Kwanza. Mguu wake uliharibika sana."

Phelista alishika kiuno. "Kwanza! Kwanza hapo! Miaka yote hii mtu yuko Kwanza na hujamtafuta?"

"Nimwambie nini?" Wabwile akafoka, na yeye si mtu wa kufoka. "Niende kwa mlango ya mtu, niseme nilikuokoa, sasa na wewe nisaidie? Hiyo ni kumdai maisha yake. Siendi. Na wewe usiende."

Phelista alisema sawa. Jumatatu iliyofuata alivaa kitambaa chake cha kanisani akaenda.

Huko Kwanza hakusumbuka. Aliuliza kwa mama anayeuza viazi habari za askari mstaafu mwenye mguu mmoja, akaonyeshwa duka la mbegu na mbolea kwa mkono tu. Nyuma ya kaunta alikuwa mzee mwenye mabega mapana, mkongojo umeegemezwa kwenye magunia. Phelista alijitambulisha kuwa ni mke wa Koplo Wabwile.

Mzee yule uso ulimshuka. Akaita kuelekea nyuma ya duka, "Jelimo! Leta kiti. Leta na chai." Kisha akamgeukia mgeni. "Amekutuma kwa sababu ya yale matusi?"

"Matusi gani?"

"Mama, huyo bwana yako nilimtukana. Aliponiweka kwa lori nilimtukana mpaka hospitali. Mguu ilikuwa inaniuma, nikamtukana yeye, nikatukana babake, nikatukana kabila yake yote ya Wabukusu. Sikubakisha mtu. Nilipopona nikasema, huyu siwezi kumwangalia machoni. Nimejua yuko Kiminini miaka kumi sasa. Nikipita hapo nainamisha kichwa."

Phelista alianza kucheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka mpaka machozi. Wazee wazima wawili, mmoja anaogopa kuonekana mdai, mwingine anaogopa kuulizwa matusi, na kati yao ni mwendo wa asubuhi moja! Alipopata pumzi alimweleza Kiptanui kila kitu: orodha ya Kizito, sahihi ya Agosti, maofisa watakaokuja Bungoma Alhamisi, na maneno ya kuzikwa kama mkulima. Kiptanui alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu likaisha.

"Ati rekodi yake haina kitu?"

"Haina."

"Na mimi nilidhani hiyo medali iko hata kwa picha ya ukuta!" Alipiga kaunta kwa kiganja. "Ngoja. Baada ya siku hiyo kikosi kilitoa karatasi ya amri, ya kutangaza majeruhi na medali. Ndiyo ilionyesha nimeumia vitani. Bila hiyo wangesema nilianguka kwa choo. Ninayo. Na jina lake liko hapohapo chini ya langu."

Phelista akanyoosha mkono. Kiptanui akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Hiyo karatasi haitoki mkononi mwangu. Niliwahi kuiachia ofisi fulani, nikaipata baada ya mwaka. Alhamisi nitaileta mwenyewe."

Alhamisi hiyo ukumbi wa kanisa mjini Bungoma ulijaa wazee waliovaa makoti ya zamani na bereti. Phelista alimwambia mumewe kwamba wanakwenda tu kuuliza, na huo ulikuwa uongo wake wa pili mwezi huo. Kizito alikuwepo pia, mbele kabisa, na orodha yake. Mezani alikaa ofisa mmoja kijana, Kapteni Chelagat, mwanamke wa maneno machache.

Zamu yao ilipofika, Kapteni alifungua faili, akaona sahihi, akafunga faili.

"Mzee, ulikubali mwenyewe kwamba kila kitu ni sawa."

"Ndiyo, afande," Wabwile akasema, akaanza kugeuka aondoke.

"Bado!" Sauti ilitoka mlangoni. Mkongojo ukagonga sakafu, tena, tena, na watu wakapisha njia. Wabwile aligeuka. Kiptanui alimpita bila kumsalimu, akaenda moja kwa moja mezani, akatoa bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine, na kuitandaza karatasi iliyokunjwa hadi mikunjo ikapasuka.

"Shahidi ni mimi, afande. Nimekula kiapo kwa wakili, hiki hapa. Na hii ndiyo amri ya kikosi, iko na muhuri."

Kapteni alisoma kimya. Alilinganisha namba ya jeshi na ile ya kwenye faili, akaangalia muhuri, akarudia kusoma. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mtu yeyote asubuhi ile: alisimama, akasoma kwa sauti, akiyageuza maneno ya Kiingereza kuwa Kiswahili kadiri alivyokwenda.

"Koplo Wabwile, dereva, ametunukiwa medali ya ushujaa na kamanda wa kikosi. Msafara uliposhambuliwa, alirudi na lori lake chini ya risasi mara tatu. Mara ya kwanza alitoa majeruhi watano. Mara ya pili wanne. Mara ya tatu, baada ya kuamriwa asirudi, alirudi kumtoa mmoja aliyebaki, Kiptanui."

Mzee mmoja wa nyuma alisimama, kisha jirani yake, kisha benchi lote, wengine wakishikilia mabega ya wenzao ili waweze kunyanyuka. Hakuna aliyetoa amri, lakini mikono yote ilikwenda kwenye bereti kwa pamoja. Kapteni Chelagat naye akapiga saluti. Wabwile aliirudisha, mgongo umenyooka, machozi yakimtiririka waziwazi mpaka shingoni, na hakuyafuta.

"Sahihi ya mtu haiwezi kufuta kazi aliyofanya," Kapteni akasema, akichukua kalamu. "Rekodi inarekebishwa leo. Barua utaondoka nayo."

Kizito alikuja akiwa ameshika orodha. Mbele ya wote alitoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye ile nafasi tupu, kisha akasema, "Nilikukosea mbele za watu, koplo, na mbele za watu naomba msamaha." Wabwile alimpa mkono. Kisha yeye na Kiptanui wakakumbatiana kwa nguvu hata mkongojo ukaanguka, na Kiptanui akasikika akisema yale matusi anayarudisha yote, hata ya babake.

Phelista alikuwa bado amesimama palepale. Furaha ilikuwa imemjaa, lakini kulikuwa na jambo lililomkera. Alimvuta mumewe kando.

"Wewe uliniambia ulirudi mara moja."

"Ndiyo."

"Miaka ishirini na tano, mara moja."

Wabwile alitazama viatu vyake. "Ningesema tatu, ungeniuliza ile ya tatu nilirudi ya nini, na nyumbani nimekuachia watoto wanne. Jibu sikuwa nalo."

Phelista aligeuka akamtazama Kiptanui. Alikuwa amezungukwa na wazee, mkongojo ameshaokotewa, akiwasimulia jambo na kucheka kwa kinywa chote.

"Ni kweli ningeuliza," akasema. Alitoa medali mkobani, alikoiweka asubuhi bila kumwambia mtu, akamfunga kifuani mwenyewe. "Na ungenionyesha huyo."