Mji wa Watu Waliosoma

Birika mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, Jael alipita mbele ya wageni akimimina kahawa, na hakuna aliyemtazama. Humimini tu ukaenda zako. Unasimama hapo mpaka mgeni atikise finjani yake, ndiyo kusema ametosheka. Asipotikisa, unajaza tena. Kwa kusimama huko, Jael alikuwa amesikia mengi katika nyumba hii ya mtaa wa Al-Malqa. Miaka minne sasa, na Kiarabu chake kilitosha kuyaelewa.

Siku hiyo madam Hanan alikuwa akiwasimulia wenzake habari za mji wa Munich. Alisomea historia huko Ujerumani, na sasa alifundisha wasichana chuo kikuu hapa Riyadh. Kila Jumatatu alasiri walimu wenzake na majirani walikuja kumsikiliza.

"Ulikuwa mji wa watu waliosoma," alisema madam. "Wachoraji, wanamuziki, maprofesa. Mtu aliishi atakavyo, na hakuna aliyemuuliza. Wanazi walipoanza walikuwa genge la wapiga kelele kwenye baa. Wakubwa wakasema, waacheni, watachoka. Mahakimu wakawahurumia. Matajiri wakawaalika chai. Kisha Wayahudi wakaanza kufukuzwa kazini, na jirani akafunga dirisha lake."

"Lakini watu wastaarabu vile?" aliuliza mgeni mmoja.

"Hao hao. Wengi wao hakuna aliyewaambia waue. Waliombwa jambo dogo tu. Jaza fomu hii. Yule usimsalimie."

Wanawake wakaguna kwa huzuni. Jael naye alikumbuka kwao Eldoret, ule mwaka wa vurugu za uchaguzi, majirani walivyonyooshea kidole milango ya wenzao, watu wa kanisa moja. Akajisemea, huyu madam wangu ana roho nzuri.

Na kweli alikuwa nayo, tusimwonee. Ndiye aliyempokea Tigist, Mhabeshi aliyemtoroka kafili, mwajiri aliyemdhamini, aliyekuwa akimpiga, akampa kazi ya kupika na kufua, akamlaza kwenye chumba cha juu ya paa pamoja na Jael. Tigist hakuwa na ikama, kibali cha kuishi nchini. Kwa miaka mitatu hilo halikumkera mtu. Lakini wiki hiyo muda wa msamaha waliopewa wasio na vibali waondoke wenyewe ulikuwa umeisha, na polisi walikuwa wakisomba watu wasio na karatasi mtaa baada ya mtaa. Aliyewaficha naye alikuwa matatani.

Jirani wa nyumba ya pili akaitazama simu yake. "Kesho wanaanza mtaa wetu," alisema kwa upole kabisa. "Mume wangu amempeleka wetu polisi leo asubuhi. Masikini, alikuwa mpishi mzuri." Akamgeukia mwenye nyumba. "Na wako, Hanan?"

Madam aliinuka, akamwashiria Jael amfuate jikoni, akafunga mlango.

"Panda juu umwambie Tigist achukue mkoba wake. Mwambie anakwenda kumsaidia dada yangu siku mbili. Absalom anamngoja na gari."

Absalom alikuwa dereva, Mkenya kama Jael.

"Ni kweli anaenda kwa dada yako, madam?"

Madam aliliangalia sinki. "Wewe atakuamini. Nikimwambia mimi atalia, na wageni wapo." Kisha akashusha sauti. "Baba wa nyumba hii hajatia sahihi karatasi yako ya kutoka nchini. Nataka aitie leo, Jael. Nataka ukamwone mtoto wako."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili arudi kwao. Kule Eldoret alikuwako Carol, aliyemwacha akitambaa, na ambaye siku hizi humuuliza kwenye simu, "Wewe ndiye mama wa ukweli?"

Jael akapanda ngazi. Kila kidato aliapa kwamba atamwambia mwenzake ukweli, na kila kidato akamwona Carol. Na nikimwambia, akimbilie wapi, alijitetea, si polisi wamejaa kila barabara? Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, watu husema. Jael zake alikuwa amekwisha kuzilowesha kabla hajafika juu, na aliona aibu.

Tigist alikuwa akianika mashuka, pegi za nguo amezibana mdomoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, akazitoa pegi moja moja.

"Jael, dada yangu. Ni kweli?"

"Kweli."

Uso wa Tigist ukalegea. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuwa ameogopa bure. "Basi wewe unimalizie haya mashuka, yasije yakakauka na mikunjo." Akamkumbatia, akambusu mashavuni mara tatu kama ilivyo desturi ya kwao, akachukua mkoba, akashuka.

Jael alibaki juu. Alijichukia, na akaendelea kuanika, maana mikono ilitaka kazi. Chini, Absalom alifungua mlango wa nyuma wa gari, macho yake ardhini. Bila shaka alikwisha kuambiwa pa kumpeleka. Tigist akaweka mkoba ndani. Kabla ya kuingia aliinua uso, akajikinga jua kwa kiganja, akamtafuta rafiki yake juu ya paa. Alipomwona akapunga mkono, mkono mzima, kwa furaha.

Jael alikuwa ameshika shuka bichi. Akalitupia begani, maji yakamtiririka mgongoni, akainua mkono wake, naye akampungia.