Breki ya Kisigino cha Kushoto

Niliota usiku wa jana kwamba napeleka gauni la harusi la mdogo wangu ukumbini, na chombo pekee kilichokuwapo ni skuta isiyo na usukani.

Gauni lenyewe ni la kweli. Mdogo wangu Hidaya anaolewa leo saa kumi, hapa hapa Tabora, na gauni nimelishona mimi, fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa sasa. Jana jioni nililitundika mlangoni nikalala roho juu juu. Sababu sikuijua. Shanga zote zimekaa, mishono imenyooka, pindo la chini nimelikata sawa pande zote. Bado roho ikakataa kutulia.

Katika ndoto ni saa tisa na nusu. Niko kwenye foleni, gauni begani, pini mdomoni kama ilivyo kawaida yetu mafundi. Mkaguzi wa skuta ni futi yangu ya kupimia, ile ya manjano iliyofutika namba za mwanzo. Imevaa kofia ya askari na inajifanya hainijui.

"Vidole vya kulia ni kwenda," inasoma. "Magoti ni kukata kona. Kidole gumba cha kushoto ni honi. Kisigino cha kushoto ni breki. Kusimama wima, inajisimamisha yenyewe. Haianguki. Kuanguka kumepigwa marufuku."

"Na mikono?"

"Mikono utajua mwenyewe."

Napanda.

"Shikamoo fundi," skuta inasema. Imetengenezwa mwaka kesho, kwa hiyo mimi ni mkubwa wake.

"Marahaba," naitikia kupitia pini.

Naweka miguu kwenye pedeli, na hapo ndipo miguu yangu inaponiaibisha. Miaka yote hii imejua kazi moja tu, kukanyaga cherehani: vidole, kisigino, vidole, kisigino. Skuta inakwenda hatua moja, inarudi nusu, inakwenda hatua moja, inarudi nusu. Nikigeuka naona uzi mweupe. Nimeishona barabara ya lami na ukingo wake, kazi safi kabisa, na mwalimu mmoja mstaafu mwenye baiskeli amenasa ndani ya mshono.

"Fundi, nitoe, tafadhali. Nina kikao."

"Nivumilie, mwalimu. Nikifumua hapa nitachelewa harusi."

"Basi shona mpaka mwisho, mshono usije ukaachia," anasema, na anafungua gazeti.

Saa ya msikitini inasema imebaki robo. Haionyeshi, inasema, tena kwa ukali. Skuta inaanza kuinama.

"Fundi, mzigo wako unalemea kushoto."

"Haiwezekani. Nilikunja kitambaa katikati nikakata pande zote kwa mkupuo mmoja. Ndivyo tunavyokata."

"Na mvaaji wake?"

Nina pini mdomoni.

"Mimi nimeundwa kupima mizani," skuta inasema. "Adabu sipokei. Napokea uzito. Mvaaji anasimamaje?"

Hidaya anachechemea tangu alipougua akiwa na miaka mitatu. Nyumbani kwetu jambo hilo halitajwi. Mama alitukataza, nasi tukaona huko ndiko kumpenda. Hata siku ya kumpima nilimkalisha kwenye kiti nikamchukua mabega na kifua, halafu urefu nikajipima mwenyewe, kwa kuwa tunalingana kimo. Sikutaka kupiga magoti mbele ya miguu yake tukaangaliana.

"Anasimama vizuri tu," naiambia skuta.

"Haya. Imeandikwa."

Napepesa jicho, na barabara ni zulia jekundu la ukumbi. Mimi siko tena juu ya skuta. Niko mlangoni na wageni. Juu ya skuta yuko Hidaya amevaa gauni, anakwenda kasi kuelekea jukwaani. Skuta imesimama wima, inatii sheria. Ila pindo la kushoto linaburuta, na gurudumu limeanza kulila, shanga moja baada ya nyingine.

Wageni mia tatu wanatazama dari.

"Ndugu wageni, tuendelee kutazama juu," Mama anasema kwenye kipaza sauti, kwa upole. "Feni za ukumbi huu ni nzuri."

"Dada Tunu!" Hidaya anapiga kelele. "Breki iko wapi?"

Naogopa, jamani. Breki iko chini ya kisigino chake cha kushoto, na kisigino hicho hakiifikii pedeli. Anahitaji tu mtu amwambie aegemee upande huo akanyage kwa nguvu. Kumwambia hivyo ni kuutaja mguu. Najaribu kusema "upande ule". Najaribu "huko huko". Skuta inanijulisha kwamba "huko huko" haimo kwenye orodha ya pedeli zake.

Keki inaomba ruhusa kusogea pembeni. Inanyimwa.

Natema pini zote.

"Hidaya! Mguu wako wa kushoto ni mfupi! Egemea kushoto ukanyage!"

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, nami nimekaa kitako kitandani, na maneno yale nimeyasema kwa sauti. Niliyasikia yakiishia ukutani.

Kwenye kitanda cha pili Hidaya alikuwa macho, hina mikononi, shuka hadi kidevuni.

"Najua, dada," alisema. "Kwa vidole vitatu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia anisamehe, nilikuwa naota.

"Unisamehe nini? Tangu uliponikalisha kwenye kile kiti nasubiri useme. Nilihofia nikisema mimi, utalia."

Nililia hivyo hivyo.

Kisha nikaliendea gauni pale mlangoni. Pindo la kushoto lilikuwa na alama nyeusi ya mpira, yenye vijistari vya gurudumu, na shanga nne hazikuwapo. Niliipima kwa mkono. Ilipanda vidole vitatu kutoka chini, wala haikuzidi. Nyumbani kwetu hakuna hata baiskeli.

"Livae," nikamwambia. "Uje usimame hapa kwenye mwanga."

Alilivaa, akasimama anavyosimama siku zote. Nikachukua pini, safari hii nikaziweka kiganjani, nikapiga magoti mbele ya miguu yake.