Siti ya Nane

Herbert alifika kwenye ua wa kuuzia magari wa Jaimin, Kiboriloni, na daftari mkononi. Upande mmoja ameandika FAIDA, upande wa pili HASARA, kana kwamba gari ni mwanafunzi wa kusahihishwa na kupewa maksi. Mwalimu hata likizo haimsaidii.

"Andika haraka, Mwalimu, lisije likazeeka hapa hapa," Jaimin alimtania huku akipangusa vumbi kwenye bodi. "Kipanya hiki kimetoka Japani juzi tu. Mlango wa ubavuni unateleza kwa kidole kimoja!"

Rachel, mke wa Herbert, alikalia siti ya dereva. "Kumbe injini iko chini ya makalio! Weka kwenye hasara, Baba Yoramu: utaiva kabla hatujafika Mwika."

"Hiyo ni faida. Kule kwetu Julai ni baridi," Herbert alijibu.

Akaandika. Linakunywa mafuta. Liko chini mno, mvua ikinyesha mlimani litalala njiani. Linabeba watu wanane.

Rachel akahesabu kwa vidole. "Sisi wawili, watoto wanne, na mama. Siti ya nane ya nani?"

"Ina mwenyewe," ilijibu sauti kutoka nyuma.

Herbert aligeuka. Mama yake, Bibi Dafroza, alikuwa amekaa siti ya mwisho tangu walipofika, mkono ameulaza juu ya siti tupu ya pembeni yake, kama mtu anayezuia mtoto asianguke.

Bibi alishuka, akamwomba Jaimin akunje siti zote za nyuma. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kamba ya mgomba iliyokauka, akaivuta kutoka mlango wa nyuma hadi mgongoni mwa siti ya dereva. Ikaenea, na nafasi ya shubiri moja ikabaki.

"Bibi unapima zulia?" Jaimin alicheka. Alicheka peke yake.

Herbert aliijua kamba ile. Mwaka themanini na sita, kaka yake Primus alipofariki Dar, ndiyo iliyopimia kaburi lake kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Kaburi likachimbwa, likangoja siku tatu. Herbert akarudi kutoka Dar mikono mitupu, akisema gari halikupatikana, amemzika huko huko. Kaburi halifukiwi tupu, kwa hiyo wazee walilaza humo mgomba mzima na shina lake. Nao ukachipua. Miaka kumi na miwili sasa unatoa mikungu minene ambayo hakuna anayeionja. Ndizi zinaivia juu, zinaoza, na kila asubuhi Bibi husimama pale akiongea Kichagga, akinyamaza kidogo kila baada ya swali.

"Mama, unajipimia?" Herbert aliuliza, akitamani jibu liwe ndiyo.

"Mimi nitatembea mwenyewe mpaka pale. Kornel alikuja kunisalimia Pasaka, akanieleza yote."

Kalamu ikamponyoka Herbert. Kornel alikuwa dereva wa lori. Siku ile ya msiba, huko Dar, alisimama nje ya chumba cha maiti akasema, mpandishe, twende nyumbani. Lakini lori lilijaa magunia ya papa mkavu, na Herbert akaona aibu: Primus mwenye suti ashuke Mwika akinuka samaki, watu wakiziba pua?

"Wale papa walishakufa, baba," Bibi alisema taratibu. "Wangemfanya nini mwanangu?"

Mlango wa ubavuni, ambao hakuna aliyeugusa, uliteleza polepole ukafunguka.

"Uwanja umeinama," Jaimin alisema, ila mzaha ulikuwa umemtoka.

Bibi alijisogeza kidogo pembeni ya mlango, kama mtu anayempisha mwenzake aingie.

Herbert alifunga daftari. "Jaimin, kwenda Dar na kurudi, hili linakula lita ngapi?"

Jioni hiyo walipofika nyumbani Mwika, kabla hata ya kuingia ndani, alichuma uani jani la isale, lile la kuombea msamaha, akalipiga fundo. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ule mgomba.

"Kaka," alisema. Kisha akanyamaza kidogo, kama mama yake, akisubiri.