Kisingizio cha Sezariene

Wilondja alifeli form four mara mbili, na mara ya pili alifeli vizuri kuliko ya kwanza. Bantu ba kambi ya Dzaleka bakamuuliza ilienda namna gani. Mwenye haya angenyamaza. Yeye alikuwa na jibu.

"Mi nilizaliwa na sezariene, mama alipasuliwa," alikuwa anasema, anagonga kichwa na kidole. "Batoto ba kisu, akili yabo inachelewa. Basavant, bantu ba sayansi, njo banasema."

Basavant! Alisoma kichwa cha habari kwa telefone, mistari mbili, megabaiti zikaisha mbele ya kufika kwa "lakini". Kuhusu kisu chenyewe, hakuuliza mtu. Tangu utoto aliona kovu kwa tumbo ya mama yake, Marguerite, na yeye njo mujinga wa nyumba. Hesabu ikatoka. Hesabu moja tu ya maisha yake ilitoka, na ilikuwa ya uongo.

Siku dada yake mukubwa, Elodie, alishikwa na uchungu wa kuzaa, mama alikuwa soko la Madisi na bwana yake Elodie kwa ujenzi kule Nsungwi. Wilondja njo akapanda naye ambulansi mpaka Lilongwe, kitabu ya biology kwa kwapa. Kile kitabu alitembea nacho kila fasi, bantu bajue anajitayarisha kurudilia mtihani.

Hospitali, sista akatoka mbio. "Mtoto amekaa vibaya, lazima tupasue. Dada yako anakatala kusaini. Anasema hatazaa Wilondja mwingine. Wilondja ni nani?"

"Ni mi," akasema, sauti kama ya kuku imenyeshewa.

Elodie alilala ubavu, jasho kwa uso.

"Yaya, saini," akamuambia dada yake.

"We njo ulisema! Dzaleka nzima inajua. Mtoto wangu akose akili? Nitasukuma."

"Ilikuwa uongo, yaya."

"Unanidanganya ili nisaini."

Akili yake, ile yenye kuchelewa, ikatafuta kisingizio kingine, ikakosa. Akamuwekea kitabu mbele ya macho, sista anaangalia, na bamama bane ba vitanda vya jirani. Kurasa zilikuwa bado zinashikana, zinanukia duka.

"Angalia. Sikusoma. Kila mangaribi nilikuwa kwa nyumba ya video, naangalia mpira. Njo maana nilifeli. Kisu hakina kosa."

Kitabu kikajifungua chenyewe katikati, fasi ya uzazi wa binadamu. Kurasa ine zimechakaa mpaka kupasuka.

"Na hii?" Elodie akauliza.

"Hii... nilisoma."

Bamama bakaangua kicheko. Elodie akacheka mpaka uchungu ukamukata. "Sista, leta bic, nisaini," akasema.

Kisha masaa mawili kupita, katoto kasichana kalilia, korido nzima ikasikia. Mama Marguerite akafika na vumbi ya Madisi kwa viatu, Wilondja akamueleza yote. "Afazali kanipite akili," akasema, "hata kama tulipita njia moja ya kisu."

"Njia gani? We ulitoka mwenyewe, kwa shamba ya mihogo kule kwetu Fizi, mbele hata niweke jembe chini. Kovu ni ya kuzaliwa kwa Elodie."

Elodie! Wa kwanza kila mwaka, mwenye anafundisha hesabu batoto ba kambi.

"Mama, na ulikuwa unanisikia nikiongea?"

"Nilisikia. Kule kwetu, mwanamuke mwenye alipasuliwa banamucheka, banasema alishindwa kusukuma. Kwa uongo yako bakacheka akili yako, bakasahau kunicheka mi; ilifunika haya yangu." Akamusukumia kitabu. "Sasa tumebaki wazi, baba. Soma."

Wilondja akakaa chini kwa korido, akafungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa unaongelea chakula ya mimea. Akasoma mistari mbili, kama kawaida yake. Ndani, katoto kakalia tena. Akasoma wa tatu.